Mtani Aliyeyakataa Matobolwa

Mimi ni mbishi. Sisemi kwa kujisifu, ingawa najisifu kidogo. Nabishana na redio, nabishana na bei ya uzi, na Jumapili nabishana na mhubiri kimoyomoyo nikiwa nimekaa kwenye benchi kwa heshima zote. Kwa hiyo binti wa kaka yangu alipobuni mchezo wa maneno ya Kiswahili wa kwenye simu, alinipigia kutoka Dar es Salaam mpaka hapa Kitete, Tabora, kwenye kibanda changu cha cherehani.

"Shangazi, shikamoo. Natafuta waamuzi wa maneno. Nimekukumbuka wewe kwanza."

"Marahaba. Kwa sababu ya busara zangu?"

"Kwa sababu huchoki kugomba."

Nilikubali hata kabla hajanieleza kazi yenyewe. Mchezo uko hivi: kila asubuhi simu inakumwagia herufi tisa, wewe unazipanga ziwe maneno. Ukiandika neno ambalo mchezo haulifahamu, yanatokea maandishi mekundu: "Neno hili halijulikani." Hapo una haki ya kuliombea, na ombi linakuja kwetu waamuzi watatu. Mmoja ni mimi. Wa pili ni bibi mmoja wa Unguja, mstaafu, mtu wa adabu zake. Wa tatu ni bwana mmoja wa Bagamoyo, Mzaramo, mfanyabiashara wa asali, ambaye kila kiangazi huja Tabora kununua mzigo. Kila mmoja anabonyeza Lipite au Lisipite. Mmoja tu akikataa, neno linafungwa, na halifunguki mpaka yule yule aliyekataa atoe ushahidi kwamba amelisikia kwa masikio yake, kwa mtu asiyetajiwa neno hilo wala asiyejua habari za mchezo. Binti aliweka sheria hiyo ili tusikatae ovyo.

Yesu wangu, raha niliyoipata! Wateja walikuja kuchukua sare za watoto wakanikuta nacheka peke yangu juu ya cherehani. Mtu ameomba "bando". Bibi wa Unguja anauliza bando ndiyo nini. Mzaramo anamjibu, ndiyo hiyo iliyokuwezesha kuuliza. Likapita. Mwingine akaomba "mmh". Bibi akasema huo ni mguno, si neno. Nikamwambia, bibi yangu, mimi nimelea watoto kwa "mmh" peke yake, na walijua kabisa lini maana yake ni njoo ule na lini ni subiri kwanza wageni waondoke. Likapita. "Yeboyebo" lilitugombanisha kutwa nzima, na mimi wakati huo ninazo miguuni.

Halafu kulikuwa na utani. Wanyamwezi na Wazaramo tunataniana tangu enzi za misafara, mababu zetu walipotoka huku na mizigo kichwani mpaka pwani. Na mtani hana mipaka. Anakutukana unacheka, anabeba kuku wako unamsindikiza, hata msibani atalala ndani ya kaburi agome kutoka mpaka apewe chochote. Siku ya kwanza tu Mzaramo aliniandikia: "Kumbe siku hizi na wapagazi wanapima maneno? Nilidhani mnapima mizigo tu." Nikamjibu: "Tuliwabebea kwa sababu nyie shingo hamna. Na bado mkatuuzia maji ya kunywa." Bibi wa Unguja akaandika, "Jamani, amani." Maskini, hakujua kwamba hiyo ndiyo amani yenyewe.

Sasa nimseme mama yangu, maana habari yote hii ni yake.

Mama anaishi Kigwa, karibu na stesheni. Baba alipofariki, mama alinyamaza. Hakuwa mgonjwa wala hakulia kupita kiasi, alinyamaza tu. Mtu aliyekuwa na sauti ambayo mwalimu wa kwaya alikuwa akimwomba aipunguze! Nikimpigia: "Mama, umekula?" "Nimekula." "Umelalaje?" "Nimelala." Basi. Nilimwekea ule mchezo kwenye simu kwa kukata tamaa, kama mtu anayetupa jiwe gizani. Haukupita muda mrefu, mama ndiye akawa ananipigia mimi, asubuhi na mapema, kuja juu: "Eti 'mto' limenipa pointi kiduchu namna hii? Mto! Ulishawahi kuuvuka wewe?" Nilikuwa nashona huku machozi yananitiririka kwa furaha.

Asubuhi moja herufi zikamwagika hivi: LOBWATAMO. Mimi niliona bao, nikaona boma, nikaona matao, nikaridhika nikaendelea na kazi zangu. Mama aliona jina lake.

Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande, vikaanikwa juani mpaka vikakauka kabisa. Unaweka kipande mdomoni na kukitafuna polepole mpaka kilainike na kuachia utamu wake. Mama alipoolewa kutoka Goweko alikuja na kapu zima la matobolwa, na mawifi zake wakamcheka: huyu anadhani huku kuna njaa? Baba akalivuta lile kapu, akakaa nalo katikati ya uwanja, akatafuna mbele yao wote mpaka taya zikamuuma. Tangu siku hiyo akamwita mama Matobolwa. Kila jioni akirudi shambani alikuwa akiita kutoka kwenye ua: "Matobolwa yuko wapi?" Na mama, popote alipo, kwa sauti ile ya kwaya: "Nimeanikwa! Njoo unianue!" Tumekua tukisikia hivyo kila jioni, na kila jioni wawili hao walicheka upya.

Sisi watoto hatukuwahi kumwita hivyo. Utamwitaje mama yako kwa jina la mahaba la baba yako? Wakwe ndiyo usiseme, watakatwa ndimi. Baba alipoondoka, aliondoka na jina hilo la mama.

Mama akaliandika lile jina, herufi zote tisa, hata moja haikubaki. Yakatokea maandishi mekundu. Akanipigia.

"Simu yako imesema sijulikani."

"Mama, ni neno tu ambalo bado..."

"Nimekusikia. Kama Matobolwa hajulikani, na mimi sichezi."

Akakata. Jioni nikampigia. Umekula? Nimekula. Umelalaje? Nimelala. Loo, moyo wangu ulishuka mpaka kwenye pedeli ya cherehani. Nilijua pale pale kwamba neno lile lisipoingia, mama ninampoteza tena huku namwona.

Nikaliombea. Nikabonyeza Lipite kwa dole gumba mpaka kioo kikalia. Bibi wa Unguja akauliza ladha yake, nikamweleza, akabonyeza Lipite. Halafu akaja mtani wangu: "Wanyamwezi mnakula kila kitu, sasa mmeanza na maneno? LISIPITE!" Akamwaga na vikatuni vya kucheka. Yeye alikuwa anatania. Kwa utani wetu, mtani anakataa, unamtukana, anakubali, mnacheka, imekwisha. Lakini mchezo wa simu haujui utani. Ulichukua lile Lisipite kama lilivyo, ukafunga.

Nilimpigia binti nikiwa nafoka kama sufuria. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Shangazi, nikifungua kwa ajili ya bibi yangu, kesho kila mchezaji ana bibi." Nilitaka kumbishia. Lakini hoja ile ningeitoa mimi mwenyewe.

Nikampigia Mzaramo. Nilimwanzia na matusi ya kawaida, lakini katikati matusi yakaniishia, nikajikuta namweleza yote: kapu, baba, jina, mwito wa jioni.

"Mtani," akasema, "hapo nimevunja chungu. Wiki hii nakuja kuchukua asali. Ushahidi nitautafuta mwenyewe, na faini nitalipa."

Akaja: mnene, mcheshi, kofia ya viua kichwani, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Tukaenda sokoni. Nilidhani kazi ni ya dakika moja, maana matobolwa yamejaa pale kwenye masinia, na sheria inasema tu kwamba sisi tusilitaje. Mtani akasimama mbele ya muuzaji, akaonyesha kwa kidole.

"Mama, hivi vinaitwaje?"

Yule mama akamtazama kofia, akamtazama viatu, akaona mgeni. Na sisi watu wa Tabora kwa mgeni tunajua adabu: tunamsafishia lugha kama tunavyomsafishia kiti. "Hivyo ni viazi, baba. Viazi vikavu."

Nikaguna. Tukasogea kwa wa pili. "Karibu, mgeni wetu. Hivyo ni vipande vya viazi vitamu." Wa tatu, msichana mwenye maneno yake, akasema, "Anko, hizo ni chipsi za asili." Chipsi! Nilitaka kulala chini. Mimi nimesimama pembeni nimeuma midomo, neno limenijaa mdomoni, siruhusiwi kulitoa. Na tulipowapa tu mgongo, tukasikia wanacheka kwa Kinyamwezi. Mtani alikuwa anafuta jasho. "Hawa ndugu zako," akaninong'oneza, "wananiheshimu mpaka wanataka kuniua."

Hapo ndipo akili ikanijia. Mahali ambapo hakuna mtu mwenye nafasi ya kumpambia mgeni lugha ni stesheni, treni ikiwa imesimama. Kesho yake tukapanda gari lake la asali mpaka Kigwa, tukajibanza kwenye ukuta wa stesheni tukiisubiri treni ya kutoka Kigoma. Ilipoingia, jamani, vurugu! Akina mama wanakimbia na masinia kichwani, mikono inatoka madirishani, karanga huku, mayai kule, chenji inarushwa hewani. Mtani ametega masikio yote mawili. Breki zikaanza kuachia. Mara dirishani akachomoza mama mmoja, nusu mwili nje, na lafudhi yake ya Kigoma:

"We dada! Wewe wa kitenge! Niletee matobolwa! Hayo hayo matobolwa, fanya haraka, treni inaondoka!"

Mtani aliruka juu, kofia ikaanguka. "Nimesikia! Wallahi nimesikia kwa masikio yangu!" Akawa anarukaruka pale kando ya reli na unene wake wote, mimi namshika mikono tunazunguka kama watoto, na mzee mmoja akauliza kama huyu bwana ameokoka. Akampigia binti hapo hapo, akatoa ushahidi wake huku anahema. Binti akacheka, akafungua neno. Mtani akabonyeza Lipite, na mimi nikamwagiza muuzaji atufungie fungu zima.

Tukaelekea kwa mama. Njiani furaha ikaanza kunitoka kidogo kidogo. Nilijisemea, sawa, neno limepita, nitamwonyesha simu, atasema "Nimeona," halafu? Herufi zile zitarudi lini pamoja? Mtu hafufuki kwa kubonyeza. Tulipofika kwenye ua nikataka kupiga hodi, mtani akanishika mkono.

"Subiri. Faini yangu bado sijalipa."

Akaweka kofia sawa, akavuta pumzi, akaita kwa sauti ya mtu aliyetoka shambani:

"Matobolwa yuko wapi?"

Kwa kweli katika Unyamwezi nzima hakuna aliyeruhusiwa kuita vile. Mtoto haruhusiwi, mkwe haruhusiwi, hata mchungaji haruhusiwi. Mtani tu. Na jibu la mama sikuwa nimemwambia.

Jikoni mwiko uliokuwa ukigonga sufuria ukanyamaza. Nikasema moyoni, tumeua.

Kisha ikatoka sauti. Si ile ya nimekula, nimelala. Ilikuwa ile ya kwaya, ile inayotakiwa kupunguzwa:

"Nimeanikwa! Siku zote hizi nimeanikwa, hakuna anayekuja kunianua!"

Akatokea mlangoni na mwiko mkononi, akamwona yule Mzaramo mnene na kofia yake, fungu la matobolwa amelikumbatia kifuani. Akamtazama. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea nguzo, akamkimbiza na mwiko kuzunguka ua, na mtani anakimbia huku anapiga kelele kwamba wapagazi wanamuua. Mimi nilikuwa nimekaa chini pale pale langoni, khanga usoni, sijui hata nafanya nini.

"Na huyo anayelia hapo mlangoni kwangu ni nani?" mama akauliza huku anahema. "Aje amenye karanga, tuna mgeni."