Chiriku na Blauzi za Mikono Mirefu

Binti yangu anaandika filamu. Nikiwaambia watu hivyo wanadhani anaigiza, wanasubiri kumwona amevaa gauni refu akilia. Hapana. Yeye ndiye anayekaa na kompyuta yenye kioo kilichopasuka akiamua nani aingie mlangoni na aseme nini. Tangu mdogo tunamwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haujawahi kupata likizo.

Alilelewa chini ya meza ya pasi. Nilikuwa dobi katika duka kubwa la kufulia nguo na sikuwa na wa kumwachia mtoto. Nilimtandikia shuka kuukuu pale chini, nikampa vitu vilivyosahaulika mifukoni mwa nguo za wateja: tiketi, vifungo, ufunguo usio na kufuli. Kila kitu alikibunia mtu wake. "Mama, mwenye ufunguo huu amefungiwa nje na mkewe, na bado anajidai anapunga upepo." Nilicheka mpaka nikaunguza kola ya mtu.

Mle mle chini ya meza ndimo alimosikia habari ya blauzi.

Kulikuwa na mke wa mkandarasi mmoja anayejulikana mjini kote. Joto kali, wenzake wamevaa nguo nyepesi, yeye analeta blauzi za mikono mirefu. Dobi hashangai kuona damu kwenye nguo. Lakini ya huyu ilikuwa upande wa ndani wa mkono, nguo imevaliwa juu ya kidonda kibichi. Tena na tena. Nikamwambia mwenye duka. Nilidhani mwanamke mwenzangu atajua la kufanya. Alichojua ni kumpigia simu mkandarasi.

Haukupita muda nikaambiwa nimeiba bangili ya mteja. Walinipekua mpaka kifuani mbele ya wenzangu, wasipate kitu, wakanifukuza vilevile. Mume wangu alimwamini mwenye duka. Akasema hawezi kulala na mwizi, akaenda kulala kwa mwingine ambaye, kwa jinsi alivyohama haraka, naona kitanda kilikuwa kimeshatandikwa. Baadaye nikasikia mke wa mkandarasi ameanguka kwenye ngazi, amefariki. Wakazika, wakapeana pole, wakaendelea na shughuli zao.

Chiriku hakuacha kuniuliza. "Mama, yule wa blauzi alipona?"

Ningemjibu nini mtoto anayesema kila kitu kwa kila mtu? Nikamwambia ni hadithi tu, nimeitunga. Akataka nimsimulie tena, nikamsimulia, nikatia na paka anayeongea ili ifanane na uongo. Aliamini. Alikua akiamini.

Alipomaliza shule alipata kazi ya kuchana tiketi kwenye ukumbi wa sinema. Alitazama filamu moja kutoka mlangoni mara nyingi hadi akajua watu watashtuka wapi na watakohoa wapi. Ndipo akaanza kuandika zake. Akapeleka moja kwenye mafunzo ya waandishi chipukizi, wakamchukua, na siku moja redio ikamwita.

Siku hizi napiga pasi katika chumba ninachochangia na fundi cherehani. Siku hiyo fundi alifungulia redio mpaka mwisho.

"Mama Chiriku, ukishatajirika usijifanye hunijui. Mimi ndiye niliyekushonea ile sketi ikakukaa."

"Haikunikaa, ilinibana. Nyamaza tusikie."

Chiriku alikuwa akieleza kwamba anapenda hofu ya vitu vya nyumbani. Mtu anayenawa mikono muda mrefu mno. Mlango uliofungwa kwa upole. Akataja filamu anazofikiria: mlinzi wa jengo tupu ambaye kila asubuhi anakuta taa za juu zinawaka, madada wawili wanaopokezana sare moja ya kazi, mmoja anapotea na kazini hakuna anayegundua. Nilijisikia vizuri. Kisha akasema, "Lakini ya kwanza ni hadithi aliyonitungia mama yangu, yeye ni dobi. Mke wa mkandarasi analeta blauzi za mikono mirefu wakati wa joto, na damu iko kwa ndani."

Fundi ndiye aliyeinyanyua pasi niliyoisahau juu ya suruali ya mteja. "Unaunguza! Furaha gani hii?"

Kesho yake gari jeusi likasimama nje. Akashuka dereva, kijana mwenye adabu, ameshika shati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Bosi anaomba umpigie pasi."

"Mbona limeshapigwa?"

"Ndivyo alivyosema." Alitazama sakafu. "Anampongeza binti kwa ile filamu ya mkandarasi. Angependa kumsaidia. Anauliza siku hizi anakaa wapi."

"Anakaa na watu."

"Watu gani, mama?"

"Wengi."

Aliliacha shati mezani, akasema atalifuata. Sikungoja hata jua lipungue. Nilifunga kazi nikaenda nyumbani nikigeuka nyuma kila kona.

Nilimkuta Chiriku kifudifudi sakafuni, anajisomea maneno ya wahusika wake kwa sauti. Nikaanza kufunga madirisha.

"Mama, joto lote hili?"

"Ile filamu ya blauzi iache."

"Ndiyo waliyoipenda! Ya mlinzi wamesema haina kichwa wala miguu."

"Si hadithi, mwanangu."

Alicheka kwanza. Kisha akaniangalia vizuri. "Na paka?"

"Paka nilimtia mimi. Mengine yote ni kweli. Leo mkandarasi ametuma dereva kuuliza unakaa wapi."

Mtoto wangu aliinuka akakaa kitako, mikono ameikalia. Nikamwambia aende kwa mama yake mdogo, akae huko, aandike mapenzi, aandike chochote. Alitikisa kichwa.

"Atanifuata huko. Nani mwingine anajua?"

"Mimi. Mwenye duka. Na sasa wewe."

"Basi hapo ndipo anapotuwezea, mama. Tuko wachache."

Akaweka simu katikati yetu, akaiwasha inirekodi. Nilikataa. Nilimtukana. Nilimwuliza kama nimemzaa ili aniue. Halafu nikasema. Nikataja jina la mwanamke yule, la mumewe, mtaa, rangi za blauzi, simu iliyopigwa na mwenye duka. Chiriku hakuniongezea neno hata moja. Akatuma maneno hayo kwa mwalimu wake wa uandishi, kwa mama yake mdogo, na kwa wakili mmoja mwanamke anayetetea wake wanaopigwa.

Wakili alijibu palepale: fungeni mlango, msimfungulie mtu, nakuja.

Nilikuwa nimedhani nikishasema nitapumua. Wapi. Tulikaa sakafuni tumeegemea mlango, na kila gari lililopunguza mwendo tulishikana mpaka likapita. Moja likasimama. Viatu vikaanza kupanda ngazi, bila haraka.

"Ni vya mwanamke," Chiriku akanong'ona.

Hata mimi nilisikia hivyo. Lakini mlango ulipogongwa, hata wakili alipojitaja, mkono wangu ulikataa kuinuka. Ilibidi afungue yeye.