Nilivyopanda Rondo Kumwita Mume Wangu

Nilipanda mlima wa Rondo kwa baiskeli mara moja tu maishani, na niliipanda kwa ajili ya mtu ambaye hakustahili hata niteremke kitandani.

Mimi ni mzaliwa wa Kilwa Masoko. Milima nimeijua kwa kuolewa. Niliolewa Milola, nikaishi huko mpaka binti yetu wa pekee akakua, naye akaolewa Nangurukuru. Mume wangu alikuwa fundi wa kuchana mbao. Kazi ikampeleka juu, kwenye misitu ya Rondo, akawa anashuka kila mwisho wa mwezi. Baadaye ikawa anashuka mara mojamoja, kisha akawa anatuma salamu tu. Nyumbani tukabaki wawili, mimi na mama yake.

Ukiniuliza, nitakuambia kwamba niliolewa na yule mama. Ndiye niliyelima naye mikorosho, ndiye niliyekula naye, ndiye aliyekuwa akiniambia, "Mwanangu, pumzika, hiyo kazi haikimbii." Masika ile miguu yake ilivimba, pumzi ikawa inamkatikia katikati ya maneno. Hospitali walimlaza, wakampa dawa, halafu wakatuambia turudi naye nyumbani. Sisi watu wazima tunajua maana ya kuambiwa hivyo.

Siku moja alasiri akanishika mkono. "Niitie mwanangu. Nataka nimpe radhi kwa mdomo wangu mwenyewe, nisije nikaondoka nayo."

Nilipiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita. Mara ya tatu ikawa imezimwa. Nilikwenda kijiweni kwa bodaboda, na hakuna aliyekubali kupanda. Mvua ilikuwa imeikata barabara, daraja la magogo limebebwa na maji, na huko kwenye mlima wenyewe, walisema, njia imebaki mawe matupu. "Labda utembee, mama," akasema mmoja. "Au uruke."

Nyumbani ilikuwepo baiskeli ya mume wangu, ile ya kiume yenye chuma cha katikati. Kuendesha najua. Baba yangu alichuuza samaki kwa baiskeli, na utotoni nilijifunzia ileile yake, nikiupenyeza mguu chini ya chuma kwa kuwa kiti sikukifikia. Niliazima suruali ya shemeji, binamu ya mume wangu, nikajifunga kanga juu yake, nikamwomba jirani akae na mgonjwa. Baada ya sala ya alfajiri nikaondoka. Wanawake waliokuwa wakienda kisimani wakacheka. Mmoja akasema kwa sauti nisikie kwamba mapenzi yakizidi huwa wazimu. Nikakanyaga pedali nikawapita. Mapenzi yalikuwa yamekwisha siku nyingi. Nilikuwa nimetumwa na mgonjwa.

Mwanzoni njia ilikuwa ya mchanga, katikati ya mashamba ya mikorosho, na mchanga ule mvua ilikuwa imeushindilia, tairi zikapita vizuri. Nilifika mtoni nikiwa bado na nguvu. Daraja kweli halikuwepo. Yalibaki magogo mawili yaliyolala mshazari, na maji ya rangi ya chai yakipita chini yake kwa kelele. Nikavua viatu, nikaibeba baiskeli begani, nikaingia majini pembeni ya magogo nikiyashika kwa mkono mmoja. Maji yalinifika kiunoni. Katikati ya mto mguu uliteleza, nikakumbatia gogo na baiskeli pamoja, nikabaki hivyo huku nikisoma kila dua niliyofundishwa madrasa. Nilipotokea ng'ambo nilikamua kanga, nikavaa ndala zangu.

Baada ya hapo mlima ukaanza. Sijui niueleze vipi kwa mtu ambaye hajaupanda. Ardhi ni nyekundu, na maji yalikuwa yamechimba mfereji katikati ya barabara, unaoweza kummeza ng'ombe. Pembeni pamebaki kokoto na mawe yaliyochongoka. Ukikanyaga pedali kwa nguvu, tairi la nyuma linazunguka pale pale na kurusha changarawe. Ukikanyaga taratibu, unasimama na kuanguka. Niliendesha kidogo, nikasukuma sana. Mnyororo ulichomoka mara nyingi, mpaka mikono ikawa myeusi kwa grisi na kanga ikaharibika. Msitu nao ukazidi kufunga juu ya kichwa changu, miti minene yenye kamba zinazoning'inia, na jua likabaki vipande vipande barabarani. Mbega walinguruma mahali nisipopaona. Nilikuta kinyesi cha tembo, kibichi, kinatoa mvuke, nikapita upande wa pili bila kupumua.

Karibu na kona moja kali nikawasikia watu wanashuka. Walikuwa wanaume wawili, kila mmoja na baiskeli iliyofungwa mbao ndefu ubavuni, wanashuka kwa miguu huku wamezishikilia zisiwakimbie. Wakasimama kushangaa.

"Mama, unakwenda wapi na safari hii?"

Nikawaambia namtafuta fulani, fundi wa kuchana mbao, mama yake yu hoi.

"Ah, fundi!" akasema mkubwa wao. "Humkosi. Fuata barabara mpaka utokee kijijini. Nyumba yake ni ile mpya ya bati, mkewe anauza maandazi pale mbele."

Mwenzake alimtazama, kisha akanitazama mimi, akaelewa kabla sijasema neno. Akainamisha kichwa. "Pole, mama," akasema, na wakaendelea kushuka.

Nilikaa juu ya jiwe. Kwa haki yote ningeweza kugeuza. Njia ya kurudi ilikuwa ya kuteremka, na nani angenilaumu? Nikamfikiria yule mgonjwa aliyelalia upande mmoja kwa kuwa upande wa pili ulimnyima pumzi, macho yake mlangoni. Sheria inamruhusu mwanamume kuoa mwingine, sikatai. Lakini hakuniambia. Alikuwa amejenga nyumba ya bati huku mama yake anavujiwa na makuti. Hilo la bati liliniuma kuliko la mke. Nikainuka nikaushika usukani, nikamaliza mlima uliobaki kwa hasira peke yake. Mapaja yalikuwa yanawaka, na sikuyahurumia.

Mke wake alikuwa kijana mpole. Aliponiona nimesimama, matope mpaka kifuani, aliacha karai la mafuta akanikimbilia na kata ya maji. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Umetoka wapi na hali hii?"

"Milola."

Akafurahi. "Basi utakuwa wifi yangu! Mume wangu ana dada yake Milola, anamtunza mama yao."

Nilikunywa maji yale yote kwanza, nikamrudishia kata. Kisha nikamwambia, "Mimi si wifi yako, mwanangu. Mimi ni mkewe." Kata ikamtoka mkononi. Sikumchukia. Sote wawili tulikuwa tumedanganywa na mdomo mmoja, na yeye alikuwa bado hajamaliza kulipia.

Mume wangu alitokea nyuma ya nyumba amevaa shati safi. Pikipiki yake ilikuwa imeegeshwa kivulini. Hakunipa hata pole.

"Umefuata nini huku?"

"Mama yako anakuita. Anataka kukupa radhi."

"Mama anaumwa kila masika."

"Safari hii hospitali wamemrudisha."

Akatazama pembeni. "Nina mbao za watu hapa, zinasubiriwa. Na barabara imekatika, hujui?"

"Mimi nimepita wapi?"

Mke wake akasema kwa sauti ndogo, "Nenda, baba. Mama ni mmoja." Mume wangu akamkata jicho, yule kijana akarudi kwenye karai lake.

"Nitakuja kesho," akaniambia mume wangu. "Wewe tangulia."

Sikuketi. Mke mwenzangu alinifungia maandazi kwenye karatasi, akanisindikiza akiisukuma baiskeli mpaka mwanzo wa mteremko, akilia kimyakimya. Nilimwambia arudi.

Watu hudhani kushuka ni nafuu. Kupanda kunakuua taratibu, na kushuka kunataka kukumaliza mara moja. Breki ya nyuma ilikufa mapema, nikawa naburuza kisigino kwenye tairi mpaka ndala ikatoboka. Mawe yale yalinitikisa meno. Kwenye ile kona kali tairi la mbele likaingia kwenye mfereji, nami nikaruka juu ya usukani. Nilipoinuka, kifundo cha mkono kilikuwa kimeshavimba na usukani umepinda. Nilivuka mto ule mara ya pili kwa mkono mmoja. Nilifika Milola watu wakielekea msikitini kuswali magharibi, nikiikokota baiskeli, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mama mkwe alifungua macho. "Amekuja?"

"Yuko njiani, mama."

Akakusanya pumzi. "Basi kama sitamwahi, mwambie radhi nimempa. Yote. Hana deni kwangu." Kisha akaigusa nguo yangu yenye damu na matope. "Na wewe nani amekufanya hivi?" Nikasema nimeteleza mtoni.

Alifariki asubuhi yake, jua likiwa limekwisha panda. Tuliwapigia ndugu, na shemeji akampata mume wangu kwa simu pigo la kwanza. Maiti ikasubirishwa mpaka alasiri. Akaja kwa pikipiki, kwa barabara ileile iliyokatika, bila hata matope mengi. Vijana wa huko juu walimsaidia kuivusha mtoni, na mambo yakawa mepesi.

Nilimpa ujumbe wake. Nilisimama naye ubavuni mwa nyumba nikamweleza neno kwa neno, kwa sababu amana ya maiti haikaliwi. Akafuta uso kwa viganja. "Alhamdulillahi."

Matangani nilikuwa upande wa wanawake, mkono umefungwa kitambaa, nikamsikia kupitia ukuta wa fito akiwasimulia wanaume jinsi mama yake alivyomwachia radhi zote. Wakamsifu. Mzee mmoja akasema mtoto wa namna hiyo siku hizi hapatikani. Bibi aliyekuwa kando yangu akanigusa goti na kuniambia niwe na shukrani, maana nina mume mwenye bahati. Niliuma ncha ya kanga, na watu wakadhani ninamlilia marehemu tu.

Baada ya arobaini alikuja na lori la mbao. Akasema nyumba ataibomoa ajenge ya kisasa, na kwamba mimi ninaweza kukaa chumba cha uani ikiwa nitaishi vizuri na mwenzangu. Nikamwomba talaka. Hakubisha hata kidogo, na wepesi ule ndio ulioniambia kwamba alikuwa ananisubiri niitamke mimi. Niliondoka na mfuko mmoja wa nguo. Baiskeli aliipakia kwenye lori.

Sasa niko Nangurukuru kwa binti yangu. Tunapikia abiria wali na samaki pale stendi. Kifundo cha mkono hakikuunga sawasawa, kwa hiyo sufuria kubwa anainua yeye. Mwanzoni nilimsimulia kila kitu. Alilia, akakasirika, akaapa hatamtambua baba yake tena. Lakini damu ni damu, na mimi sikumlea kwa chuki.

Idd iliyopita binti yangu alimpigia baba yake simu kumpa mkono wa Idd. Wakazungumza na kucheka, wakaulizana hali ya watoto, wa huku na wa kule. Kisha bila kunitahadharisha akaniwekea simu sikioni.

"Idd Mubarak," ikasema sauti yake. "Mnaendeleaje huko? Mzima wewe?"

Nilimrudishia binti yangu simu, nikaenda kuosha vyombo.