Sababu ya Safari

Mwishoni mwa miaka ya tisini, katika ofisi moja ya vibali vya kuvuka mpaka kwenda Goma, pale Gisenyi, Rwanda, karani aliyerudi kutoka Tanzania alitaka kuturahisishia kazi. Alibandika ukutani fomu ya mfano, na penye "Sababu ya safari" akaandika: "Kwa mfano, harusi ya dada." Sisi wa foleni tukanakili vilevile, mimi nikiwemo.

Karani alipofikia fomu ya mama mmoja, mshonaji wa mtaa wa Mbugangari, aliweka kalamu chini. "Mama, wewe ni wa tisa asubuhi hii. Kwani leo Goma nzima inaoa dada zenu?"

Mama akavuta kikapu chake karibu. "Bwana, mi naenda ku harusi ya kweli. Dada iko ananingojea." Akafungua kikapu, akakunjua gauni jeupe la bibi harusi alilolishona mwenyewe. Foleni ikapiga vigelegele, na karani akagonga muhuri huku akicheka.

Kisha akafuta mfano wake, akaandika: "Eleza kama unavyomweleza jirani." Mzee aliyekuwa nyuma yangu akaandika polepole: "Mi naenda kuona mama. Iko muzee kunipita."

Karani aliisoma kwa sauti, mara mbili. Nami nikaomba fomu nyingine.