Presha Niliyoiandika

Waraka ulipofika, mimi ndiye niliyeupokea, kwa sababu kila barua inayoingia ofisini kwetu hupitia masijala, na masijala ndiyo kazi yangu. Niliugonga muhuri, nikaupa namba, nikaupeleka kwa mkuu wa ofisi. Ulisema watumishi wa umma wajikinge na magonjwa yasiyoambukiza. Wafanye mazoezi ya pamoja Jumamosi moja kila mwezi, wapimwe presha, sukari na uzito, wapunguze chumvi, mafuta na sukari, na wasivute sigara ya aina yoyote ndani ya majengo ya serikali. Mtaalamu wetu wa kompyuta, aliyekuwa akivuta ile sigara ya umeme yenye harufu ya matunda, alibisha wiki nzima kwamba yake haitoi moshi bali mvuke. Mwishoni alihamia nyuma ya choo.

Aliyeguswa na waraka ule kuliko sote hakuwa hata kwenye orodha ya watumishi wa kudumu. Alikuwa mhudumu wetu, mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Alifagia korido, akapika chai ya saa nne, akapandisha chupa za chai hadi ghorofa ya pili. Kwao ni Ukerewe. Mume wake alikuwa Msukuma wa Igoma, na alipofariki alimwachia nyumba ya vyumba vitatu iliyopakana na ya wifi yake, dada wa marehemu. Sote tulimwita Mama na kumwamkia shikamoo, hata mkuu wa ofisi.

Alijua nani anataka vijiko vingapi vya sukari bila kuuliza. Waraka ulipobandikwa, aliutekeleza kama ulivyo. Chai ikaja bila sukari, maandazi yakatoweka, na mahali pake ikaja michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, akiwa ameichemsha na karanga. Watu walilalamika.

"Mama, hii ni chai au dawa?"

"Kaulize serikali," alijibu, akaendelea kumimina.

Jumamosi ya kwanza tulikusanyika saa kumi na mbili asubuhi. Tulitoka ofisini tukikimbia kuelekea uwanja mmoja karibu na ziwa, mkuu wa ofisi akiwa mbele na filimbi. Alipopinda kona ya kwanza na kutoweka machoni petu, wengi tulianza kutembea. Mama hakukimbia tangu mwanzo. Alijifunga kanga juu ya suruali ya michezo aliyoazima kwa binti yake, akatembea mwendo wake wa kila siku, na bado alitupita wengi.

Uwanjani alikuwepo muuguzi na meza, mzani, kipimo cha presha na cha sukari. Mimi nilipewa orodha niandike, kwa kuwa inaaminika kwamba mtu wa masijala hupenda kuandika. Safu zilikuwa tano: jina, umri, uzito, presha, sukari. Mkuu wa ofisi aliniambia orodha ipelekwe juu Jumatatu.

"Sitaki nafasi wazi hata moja," alisema. "Wahudumu pia. Ofisi ni sisi sote."

Ilipofika zamu ya Mama, alikuwa anagawa maji. Nilimwita mara mbili. Mara ya tatu nilimfuata.

"Mama, umebaki wewe tu."

"Nina kazi ya maji."

"Ni dakika mbili."

Alinivuta pembeni, penye mawe, akashusha sauti. "Baba, nisikilize. Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita. Wakiona nina presha, nani atamwacha mgonjwa apande ngazi na chupa za chai?"

"Hawawezi kukuondoa kwa hilo."

"Wewe umeajiriwa. Mimi nimeshikizwa tu."

"Huenda hata haijapanda."

"Mama yangu mzazi alipooza. Dada yangu anameza vidonge mwaka wa tano huu. Ya kwangu ishuke kwa nini?" Alitazama meza. Muuguzi alikuwa ameanza kukunja mpira wa kipimo. "Niandikie kama ya kwako, basi. Nani atajua?"

Yangu ilikuwa 118 kwa 76. Niliiandika mbele ya jina lake, na sukari nikabuni, na uzito nikakisia kwa macho. Muuguzi alisaini chini ya ukurasa bila kuhesabu mistari. Nakumbuka nilivyojisikia: kama mtu aliyempisha mzee kiti. Jumatatu orodha iliondoka ikiwa imejaa, na baada ya muda ilirudi barua ya kutupongeza, nayo nikaiweka kwenye jalada lake.

Mkataba wake ulihuishwa. Wiki chache baadaye alianza kuja masijala kuomba panadol. Alisema kichwa kinamgonga kisogoni, hasa asubuhi. Mara ya tatu au ya nne nilimwambia, "Mama, nenda kapime. Zahanati iko hapo chini."

"Si uliniandika mzima?" alisema, akacheka.

Nami nilicheka. Nikampa vidonge viwili.

Alianguka siku ya Alhamisi, muda mfupi kabla ya saa nne. Masijala iko chini, kando ya ngazi, kwa hiyo mimi nilisikia chupa zikibingirika kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilimkuta ameketi ngazi ya tano, mgongo ukutani, chai imetapakaa. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja. Mkono wa kulia ulilala mapajani kama kitu kilichosahauliwa na mtu mwingine. Alijaribu kusema na ilitoka sauti isiyo na neno. Dereva alileta gari, tukamlaza kiti cha nyuma, mimi nikashika viatu vyake.

Hospitalini daktari, mwanamke ambaye pengine alikuwa mdogo kwangu kwa umri, alipima presha mara mbili, mikono yote miwili, akapima na moyo kwa mashine. Kisha akauliza kama mgonjwa alikuwa anatumia dawa za presha.

"Hana presha," alisema afisa utumishi wetu, aliyekuwa ametufuata kwa pikipiki. Alitoa simu, akatafuta picha ya orodha, akamwonyesha. "Ofisi ilimpima mwaka huu huu. Ona, 118 kwa 76."

Hakuwa anadanganya. Aliamini.

Daktari alitazama kwa muda. "Presha niliyoikuta si ya wiki moja," alisema. "Moyo umeshatanuka. Aliyempima alikosea." Akarudi kwa mgonjwa.

Ilikuwa nafasi yangu ya kusema. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nilisema tu, "Daktari, viatu vyake niviweke wapi?"

Baada ya hapo mambo yalikwenda mahali ambapo sikutarajia. Afisa utumishi, kwa nia njema, alichapisha nakala ya ule ukurasa akampa binti wa Mama, ili aone kwamba ofisi ilikuwa inamjali mama yake. Binti huyo ana duka la vitambaa mjini, pande za Mirongo. Aliipeleka karatasi nyumbani Igoma. Huko alikuwepo mjomba wake, kaka wa Mama, aliyekuwa amevuka kwa kivuko kutoka kisiwani kuja kumuuguza dada yake. Mjomba aliisoma, akaikunja, akasema mtu mwenye damu nzuri namna hii haanguki hivi hivi. Kuna mkono wa mtu.

Na mkono haukutafutwa mbali. Wifi yake Mama, yule wa nyumba ya jirani, alikuwa ameleta samaki, sato, Jumatano jioni. Alhamisi Mama alianguka. Isitoshe, tangu mume afariki, wawili hao walikuwa wakinuniana juu ya mpaka wa kiwanja.

Mimi nilijua haya Jumatatu, nilipompigia binti simu kuuliza hali.

"Hali ni ile ile," alisema. "Mjomba anataka tumtoe hospitali kesho. Kuna mganga amemsikia, ng'ambo. Anasema sindano haziondoi kilichotupwa."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi niseme nini? Karatasi inaonyesha alikuwa mzima."

Niliomba ruhusa saa nane, nikaenda Igoma. Nyumba yao iko juu kidogo ya barabara ya Musoma, nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti. Mlango wa wifi ulikuwa umefungwa, na jua bado lilikuwa kali. Ndoo zake mbili za maji zilikuwa nje, zimejaa, na mtu alikuwa amezimwagia mchanga ndani.

Nilimkuta binti na mjomba sebuleni. Nilimwamkia mjomba, akaitika, akanionyesha kiti. Karatasi ilikuwa juu ya kabati la vyombo, imekunjwa mara nne. Nilikuwa nimepanga maneno njiani lakini yalipotoka hayakuwa hayo.

"Ile namba ya presha si ya Mama," nilisema. "Ni yangu. Mama hakupimwa. Niliandika mimi."

Binti alinitazama. Mjomba alisema, "Rudia."

Nilirudia.

"Kwa nini?"

"Aliniomba. Aliogopa kukosa mkataba."

"Akikuomba sumu, utampa?"

Mjomba hakupandisha sauti. Alikuwa mtu mrefu, mikono yake imechanika kwa nyavu, na aliuliza kama anayeuliza njia.

"Alijua ana presha?" binti aliuliza.

"Alijua kwenu ipo. Ya kwake hakutaka kuijua."

"Hata nyumbani hakutuambia kichwa kinamuuma."

"Mimi aliniambia," nilisema. Sikuwa nimepanga kulisema hilo pia.

Mjomba aliinua karatasi, akaikunjua, akaitafuta namba kwa kidole. "Na samaki?" aliuliza mwishowe, si kwangu.

"Samaki tulikula wote, mjomba," binti alisema. "Na wewe ulikula kichwa chake ulipofika."

Hakusema tena habari za ng'ambo. Alitaka nimweleze daktari alisema nini hasa, neno kwa neno, nami nikamweleza, pamoja na habari ya moyo kutanuka. Nilipoinuka kuondoka, binti alinizuia mlangoni.

"Pita hapo kwa wifi yake mama. Mwambie mwenyewe. Sisi hatuwezi kuanza."

Nilibisha hodi. Wifi hakufungua mlango wa chuma. Alikuja akasimama nyuma ya wavu, mwanamke mwembamba aliyevaa gauni la kanisani siku isiyo ya kanisa, na begi lilikuwa sakafuni karibu na miguu yake. Nilimweleza mambo yale yale kwa mara ya pili, na safari hii yalichukua muda mfupi zaidi.

"Kwa hiyo siku nne nimekuwa mchawi," alisema, "kwa ajili ya kalamu yako."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Nimesikia." Akarudi ndani.

Kesho yake nilimweleza daktari. Alisema dawa ni zile zile, ila ni vizuri kujua, na akaandika kwenye faili. Kisha nilimweleza mkuu wa ofisi. Alifunga mlango, akanisikiliza, akasema taarifa ilishakwenda juu na hakuna faida ya kuifukua. Siku mbili baadaye nilipata barua ya onyo kwa kosa la uzembe, bila kutaja uzembe gani. Jumamosi za mazoezi ziliendelea miezi mitatu hivi, kisha filimbi ikapotea na hakuna aliyeitafuta. Maandazi nayo yalirudi.

Mama alikaa hospitali wiki tatu. Maneno yalirudi polepole, kwanza ya Kikerewe, halafu ya Kiswahili. Mkono wa kulia haukurudi wote. Mkataba wake haukuhuishwa tena. Alichokiogopa kilimpata, na hakuna mtu ofisini aliyeona kwamba ameonewa. Mhudumu mpya ni mwanamke mwenye mwili imara na anapanda ngazi mbili mbili.

Siku za kliniki mara nyingine humpeleka mimi, binti anapokuwa dukani. Tunakaa kwenye benchi na wengine, kila mtu na daftari lake la dawa. Mara ya kwanza nilimwambia kwamba nyumbani kwake walikuwa wanajua, na ofisini pia, kwa sababu nilisema. Alichukua muda mrefu kuliweka jibu mdomoni.

"Ungekataa tu, baba," alisema. "Ningenuna siku mbili."

Muuguzi wa kliniki alimwambia atembee nusu saa kila asubuhi, la sivyo mguu utakaza. Binti hutoka nyumbani alfajiri, na mjomba alisharudi kisiwani. Wiki nzima Mama alitembea peke yake uani, akishika ukuta. Mwanzoni mwa wiki ya pili, binti aliniambia, wifi alifungua mlango wake wa chuma akiwa amevaa raba, akamshika Mama upande wa mkono mbovu, wakatoka. Tangu hapo huenda hadi barabarani na kurudi. Niliwahi kuwaona, asubuhi moja nilipopeleka dawa. Walikuwa wanapanda kilima taratibu, wifi akiwa upande wa nje, magari yanakopita. Hawakuwa wanaongea. Niliwapisha, nikawaamkia, wakaitika wote wawili.