Sauti ya Nne

Fanueli alipiga besi katika kikundi cha tarumbeta cha usharika wao kwa miaka thelathini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumsifu. Watu husifu tarumbeta ndogo, inayochukua wimbo wenyewe na kuwatoa akina mama machozi. Mpiga besi huambiwa tu asogee kidogo, chombo chake kinawaziba wengine.

Lakini kule kwao milimani, juu ya Lukozi, mazishi hayaendi bila yeye. Jeneza likiwa bado ndani ya nyumba, besi huanza peke yake, sauti ya nne ya wimbo wa kuaga. Hapo wote husimama, wanaume wanavua kofia, na hakuna anayeketi mpaka ubeti wa tatu uishe, maana ndipo mwili unapovuka kizingiti. Kwa lugha ya watu wa usharika, mtu aliyepigiwa beti tatu "ametoka".

Sasa kikundi kilikuwa na besi moja na mpigaji mmoja, na kilikuwa na sheria moja ngumu: aliyefiwa hagusi chombo, hukaa na wafiwa wenzake akapigiwa. Fanueli mwenyewe aliwahi kumnyang'anya mpigaji mwenzake Hezekia tarumbeta siku alipofiwa na baba yake. Kwa hiyo mkewe Raheli alipofariki, mwaka 1969, Fanueli alikaa kwenye mkeka mikono mitupu, besi ikakaa kwenye ndoano yake kanisani, na Raheli akabebwa kwa nyimbo za mdomo tu. Waliimba vizuri, hakuna wa kulaumiwa. Lakini Fanueli hakusikia beti tatu, na kichwani mwake mkewe hakutoka. Alimwaga uji jikoni akamwomba radhi. Alirudi kutoka shamba la ujamaa akamsimulia nani leo alikuwa mvivu. Aliona haya kuwaambia watu, akanyamaza, na ule ukimya ukamla taratibu.

Mwaka 1971, Uhuru ulipotimiza miaka kumi, mwenyekiti alitangaza shambani kwamba okestra kutoka Dar es Salaam itakuja Lushoto kupiga muziki na kueleza historia yake. Katika orodha ya nyimbo Hezekia aliona ule wa kuaga.

"Mgosi, wataupiga wetu," alimwambia Fanueli, kama wanaume wa Kisambaa waitanavyo. "Na wana watu wa sauti zote nne."

Usiku ule Fanueli alipiga pasi koti lake. Safari hii hakuwa mfiwa wa mkekani wala mpigaji. Angekaa na kusikiliza wimbo mzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho, umtoe Raheli.

Wakateremka Jumamosi juu ya lori la kabichi. Ukumbi ulikuwa umejaa walimu, makarani, masista, na watu wa milimani waliokuja na viatu mkononi. Okestra ilikuwa na wageni na wenyeji, fidla za kila ukubwa, na nyuma kabisa alisimama mwanamke mmoja mrefu wa Kizungu, Klara, aliyefundisha muziki Dar es Salaam, amekumbatia fidla kubwa kuliko mlango wa jiko la Fanueli. Ilipotoa sauti, Fanueli alicheka peke yake. Ilikuwa besi. Huko nako walikuwa wamemweka nyuma!

Mwelezaji alikuwa Mwalimu Nikodemo, mtu wa tambarare, wa Muheza, msomi wa kweli na mpenda kusikika. Kila wimbo aliupa hotuba. Alieleza nani alitunga, mfalme gani alikataa kulipa, na kwa nini watu hawapaswi kupiga makofi katikati. Watu wakapiga makofi katikati.

Hatimaye akafika kwenye wimbo wa kuaga.

"Ndugu wananchi, tuni hii mnaijua kanisani. Lakini zamani haikuwa ya kanisa. Ilikuwa ya kijana anayeuacha mji wake na mchumba wake. Leo tutaifungua kama fundi afunguavyo saa, tuone kilichomo."

Wakaifungua kweli. Fidla moja ikapiga wimbo wenyewe kidogo, ikakatizwa. Sauti ya pili ikapiga kidogo, ikakatizwa. Fanueli alishika magoti yake. Alikuja kusikia wimbo, naye anaonyeshwa vipande vyake.

"Na sasa," alisema Nikodemo, "sauti ambayo hakuna anayeisikiliza. Sauti ya nne, peke yake."

Klara akavuta upinde.

Watu wa milimani wakasimama. Hawakushauriana. Kofia zilitoka vichwani, mama mmoja akajitanda khanga, na wote wakainamisha macho kuelekea mlangoni, kama walivyofanya maisha yao yote.

Nikodemo alishtuka. Alidhani wanaondoka.

"Ndugu zangu, bado! Ketini, hatujamaliza!"

Upinde ukakoma. Waliokaa wakacheka, na waliosimama wakaona aibu, wakaketi mmoja mmoja wakijichekea. Fanueli hakuketi.

"Mgosi, kaa," Hezekia alimvuta koti. "Haya ni maonyesho tu."

"Siwezi," alisema Fanueli. "Imeanza. Raheli yuko ndani bado."

Hezekia akaachia koti. Nikodemo, ambaye muda ulikuwa unamtupa mkono, alifunga maelezo na kuendelea na wimbo mwingine. Ule wa kuaga ukabaki pale ulipokatwa. Fanueli akasimama, kofia mkononi, nyimbo tano nzima. Wa nyuma wakanung'unika, karani mmoja akamwuliza kama amelewa, naye akazidi kutazama mlangoni. Ukumbi mzima ulikuwa na watu, na Fanueli hakuwahi kuwa mpweke namna ile, hata siku ya mkeka.

Maonyesho yalipokwisha, lori likapiga honi. Hezekia alimsihi, akashindwa, akaenda. Klara akaja mpaka pale.

"Shikamoo, mzee. Kwa nini hukukaa?"

"Marahaba." Fanueli akamweleza. Alieleza beti tatu, na besi iliyobaki kwenye ndoano, na mkewe ambaye hajatoka. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema mbele ya mtu. Nikodemo alisikiliza nyuma ya Klara, karatasi zake zikiwa zimekunjika mkononi.

"Nisamehe, mzee wangu," alisema Nikodemo. "Kwetu hatuna desturi hiyo. Na wenzetu wameshapanda basi."

"Mimi nipo," alisema Klara, "lakini nina besi tu."

Akaitoa fidla kubwa kwenye mfuko wake. Katika ukumbi mtupu akapiga ubeti wa kwanza, sauti ya nne, polepole, bila kukatiza. Kwenye ubeti wa pili Fanueli alitaka kuutia wimbo wenyewe kwa mdomo, japo Raheli apate hata huo, lakini miaka thelathini na miwili si mchezo: kilichotoka kinywani kilikuwa besi. Wakaenda hivyo, besi mbili, na juu yao hapakuwa na mtu. Ubeti wa tatu ukaisha.

"Nirudie?" Klara aliuliza.

"Hapana, mama. Asante. Ametoka."

Fanueli akaketi. Machozi yalimtoka akayaacha yatoke. Alikuwa amepata alichokitaka.

Nikodemo akaketi kando yake. "Lori limeondoka, mzee. Utalala kwangu. Je, nyumbani kuna mtu atakayekuwa na wasiwasi?"

Miaka miwili Fanueli aliwajibu watu swali la namna hiyo kwa neno moja, yupo, nao wakadhani ana ndugu anayekaa naye. Akafungua kinywa kulisema.

"Hapana," alisema. "Hakuna mtu."