Salamu ya Asubuhi kwa Baba Mkwe

Mara ya kwanza Tusekile alipoanguka mbele ya baba mkwe wake, watu walisema ni njaa. Mara ya pili walisema ni jua, ingawa ilikuwa asubuhi na Tunduma nzima ilikuwa imevaa makoti. Mara ya tatu hawakusema kitu, walitazamana tu. Na watu wa mtaa wetu wa Chapwa ninaowajua mimi, wakinyamaza, ujue kuna neno.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mumewe alipofariki, Tusekile alibaki na mwanawe Lucky, fundi wa pikipiki, pamoja na mzee Andongwisye, baba wa marehemu, ambaye walimtoa kwao milimani Ileje baada ya miguu kumkataa. Kila asubuhi Tusekile alimpelekea uji barazani, akapiga magoti, akamsalimu. Si salamu ya kurushiana mlangoni kama ya vijana wa siku hizi, la. Katika nyumba ile mkwe hasalimiwi na mtu aliyesimama. Unapiga magoti, macho chini, unaulizwa habari za kuamka, za mtoto, za majirani, za ng'ombe hata kama hamna kuku, na wewe unajibu moja moja. Na mzee alivyokuwa mrefu wa salamu! Akimaliza, Tusekile anainuka aende sokoni kuuza mchele wake. Hapo ndipo masikio yanavuma, macho yanaingia giza, na akija kushtuka yuko chini, na mzee anaita kwa sauti ya kukwama, "Mama Lucky! Jamani, njooni, mama Lucky!"

Sokoni alikuwa haanguki. Akivuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kufuata bidhaa, haanguki. Anaanguka kwa mzee tu.

Sukari alikuwa nayo miaka mingi, ile inayowashika watu wazima, na vidonge vyake alivimeza siku alizokumbuka. Ganzi ya miguu alishaizoea. Moyo nao siku hizo ulikuwa unakwenda mbio hata akiwa amekaa anapepeta mchele. Jirani yake Enesi, mwenye huruma na mdomo kwa kipimo kilekile, akampa vidonge vya presha alivyoacha mume wake yeye Enesi, vile vinavyomkojoza mtu, naye akawa anavimeza kila alfajiri. Nani angemkataza? Kwetu dawa ya jirani ni dawa, bora iwe na karatasi yake.

"Dada, mimi sisemi kitu," Enesi alimwambia siku moja, na mtu akianza hivyo jiandae. "Lakini hebu jiulize mwenyewe. Mume wako alikufa ghafla, mzima wa afya. Sasa unaanguka wewe. Na kila ukianguka, nani yuko mbele yako?"

Tusekile alimfukuza. Lakini maneno hayakufukuzika. Akaanza kuogopa, na woga ukishaingia ndani hauombi ruhusa ya kukaa. Aliogopa bakuli aliloshika mzee. Aliogopa kikohozi chake. Aliogopa asubuhi yenyewe, na kadiri alivyoogopa ndivyo moyo ulivyozidi kupiga, naye akasema moyoni, basi ndiyo hivi, ananimaliza.

Lucky ndiye aliyelitamka. "Mama, baba nimeshamzika. Wewe sikuziki. Naita lambalamba kutoka Msangano."

Lambalamba ni wale waganga wanaozunguka vijijini kuwatoa wachawi hadharani. Wakishamnyooshea mtu kidole, hata asipopigwa, hana kwake tena. Mwaka uliotangulia, huko bondeni, walimnyooshea bibi mmoja kidole, na kabla ya jua kuzama nyumba yake ilikuwa majivu. Tusekile aliyajua hayo yote, na bado hakumwambia mwanawe acha. Alisema tu, "Ngoja kwanza." Niseme ukweli, aliogopa kufa.

Safari ya nne aliangukia jiwe, nyusi ikapasuka, damu ikamfunika uso. Wakampakia kwenye gari la mchele hadi hospitali ya misheni huko Mbozi. Walikwenda kushona nyusi tu, lakini sukari ilipopimwa, muuguzi akamwita daktari mbio, na Tusekile akapewa kitanda.

Daktari Mbonile hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimpima presha akiwa amelala, ikawa juu. Akamsimamisha, akampima tena, ikawa imeporomoka kabisa. Akamwambia avute pumzi ndefu, aitoe, avute tena, huku mashine inafuata mapigo, na mapigo hayakubadilika hata kidogo; akatikisa kichwa. Kisha akauliza, "Unaanguka wakati gani?"

Tusekile alitazama ukuta. "Nikimsalimia mkwe wangu, daktari." Akamwaga yote, na machozi.

Daktari hakucheka. "Unamsalimiaje? Nionyeshe. Mimi ndiye mkwe."

Tusekile akapiga magoti pale sakafuni. Daktari akauliza habari za kuamka, za mtoto, za mchele, hata za ng'ombe, bila haraka. Halafu akasema, "Haya, inuka." Tusekile akainuka, masikio yakavuma, na muuguzi akamdaka kabla hajafika chini.

Alipofumbua macho daktari alikuwa amechutama kando yake. "Mkwe wako yuko wapi sasa hivi?"

"Yuko Tunduma."

"Basi mwacheni mzee wa watu."

Kisha akamweleza polepole. Sukari ikikaa juu miaka mingi hula mishipa ya fahamu. Watu wanaijua ganzi ya miguu, lakini moyo nao una mishipa yake ya fahamu, inayouambia ongeza, punguza, amka, mwenzio amesimama. Ya kwake imeharibika. Moyo unakwenda mbio hata akipumzika, na akiinuka hakuna anayeiambia damu ipande kichwani, inabaki miguuni. Vidonge vya Enesi vilikuwa vinamkausha maji kila alfajiri, kisha anakwenda kupiga magoti.

"Nitapona?"

"Iliyoharibika sikuahidi. Tutaizuia isiendelee. Sukari ishuke taratibu, na ikae chini; ugali upunguze. Vile vidonge vya kukojoza utupe, utameza hivi nitakavyokupa mimi. Lala umeinua kichwani mwa kitanda. Asubuhi kunywa maji kabla hujatoka kitandani, uketi kwanza, ubane misuli ya miguu, ndipo uinuke. Na nisikilize hili vizuri." Akamtazama usoni. "Moyo wako unaweza kupata shambulio kubwa na kifua kisiume hata kidogo. Mishipa ya kukupa habari ndiyo hiyo imekufa. Ukitoka jasho baridi, ukikosa pumzi bila sababu, usisubiri maumivu. Njoo."

Jamani! Mtu anaambiwa kifo kinaweza kuingia bila kubisha hodi, kisha anaambiwa akale ugali kidogo. Tusekile alishika kifua chake kana kwamba kina mwizi ndani.

Siku anaruhusiwa, simu ikalia. Alikuwa Enesi, na furaha yake. "Wahi, dada! Lambalamba yuko njiani, watu wamejaa, leo mzee atasema!"

Alikuta ua umefurika. Mzee Andongwisye walikuwa wamemketisha kwenye kiti katikati, kofia ameishika mapajani. Vijana walikuwa na fimbo. Tusekile akasema yote aliyoambiwa, ya mishipa, ya vidonge, ya kuanguka mbele ya daktari huku mzee yuko Chapwa.

"Kumbe anaroga hadi Mbozi!" mmoja akapaza sauti, na wengine wakaitikia. Hebu waone watu hawa! Ukimtoa mtu mlangoni wanamrudisha dirishani.

"Lucky," Tusekile akasema, "nitamsalimia babu yako hapa hapa. Nikianguka, fanyeni mnavyotaka. Nikisimama, unampigia simu huyo mtu wako arudi alikotoka."

"Mama, usifanye hivyo."

"Na usinishike."

Akaomba maji, akanywa kikombe, akaomba kingine. Akapiga magoti. Moyo ulikuwa unapiga hadi anausikia kwenye meno. Akawaza, nikianguka sasa wanamuua, na mimi ndiye niliyemwambia mtoto ngoja badala ya acha. "Shikamoo, baba."

Mzee hakuuliza habari za ng'ombe. "Marahaba," akasema, basi.

Tusekile hakuinuka. Aliketi kwanza juu ya visigino, akabana misuli ya miguu, akaachia, akabana. Watu wakaguna. Akaweka mguu mmoja mbele, akainua kiwiliwili, akangoja. Giza likaanza kuja pembeni mwa macho. Mungu wangu, linakuja. Akashusha kichwa, akabana mapaja kwa nguvu zake zote, akangoja lipungue, jasho linamtiririka mgongoni, na hakujua kama ni jasho la woga au ndilo lile la daktari. Lucky alinyoosha mikono, akairudisha. Giza likarudi nyuma kidogo. Akanyanyuka nusu, kisha yote, akapishanisha miguu ikabanana, akasimama.

Akaendelea kusimama. Akamtazama Enesi, akawatazama wenye fimbo mmoja mmoja, hadi wa kwanza akajifanya ana shughuli nyumbani. Lucky akageukia ukuta na simu yake, akazungumza kwa sauti ya chini, na ua ukaanza kutoka watu.

Mzee Andongwisye alikuwa analia bila kujifuta. "Mama Lucky. Hivi kweli siyo mimi?"

"Siyo wewe, baba. Ni sukari."

"Maana hata mimi nilishaamini. Ukija na uji nilikuwa nafumba macho nisikutazame, nasema labda ni macho yangu yanaua nami sijui. Nilimwomba Mungu anichukue kabla sijakumaliza."

Tusekile akavuta kigoda akaketi karibu naye kuliko mkwe yeyote alivyowahi kuketi.

"Siyo mimi?" mzee akauliza tena.

Aliuliza jioni ile, akauliza kesho yake, na kesho kutwa, na kila mara Tusekile akamjibu.