Posho ya Mazingira Magumu

Nilipotajiwa mshahara, niliogopa. Wengine hufurahi. Mimi tangu nimalize chuo nilikuwa nimezoea kulipwa kwa kuchelewa na kwa kupunguziwa, kwa hiyo mtu akinitajia pesa nzuri huwa najiuliza kuna nini, kama mtu anayeuziwa gari zima kwa bei ya kutupa.

Aliyenitajia alikuwa afisa wa kuajiri, mzee mpole, katika ofisi ya orofa ya tano katikati ya jiji. Lifti ilikuwa imeharibika na nilifika juu nikihema. Akanieleza taratibu. Kuna zahanati kaskazini, mbali na lami, haina mtu. Nikikubali kukaa huko miaka mitatu nitapata mshahara, juu yake posho ya mazingira magumu inayokaribia mshahara wenyewe, nyumba ya bure, na baadaye nitalipiwa masomo. Mimi ni afisa wa kliniki, ingawa huku kwetu kila mwenye koti jeupe huitwa daktari.

"Nikipata mgonjwa amenishinda," nikauliza, "nampeleka wapi?"

Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Daktari, hapo wewe ndio mwisho. Hospitali kubwa iko, lakini mvua ikinyesha hiyo barabara haipitiki. Hiyo pesa yote ulidhani ni ya nini?"

Nikamwomba wiki moja ya kufikiria. Nilishuka ngazi. Huko chini, kati ya wachuuzi na honi, niliona ambulensi imekwama kwenye foleni, nikapata nafuu ya ajabu. Angalau ilikuwepo.

Wakati huo nilikuwa kibarua katika kliniki ndogo ya mtu binafsi mtaani Riruta. Ujuzi wangu mkubwa, niseme ukweli, ulikuwa kuandika rufaa, barua ya kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa. Mtoto akipumua vibaya, rufaa. Mjamzito akilalamika kichwa na macho, rufaa. Walistahili kupelekwa, na wengi walipona, na mimi nililala usingizi. Nililala kwa sababu kila nilipoandika nilijua mbele kuna mtu wa kupokea.

Woga wangu una chanzo. Nikiwa katika mafunzo ya kazi, mama mmoja alianza kuvuja damu nyingi baada ya kujifungua. Nesi alikimbia kumwita daktari mkuu, nami nikabaki naye peke yangu, nikisugua tumbo lake jinsi tulivyofundishwa, na damu inakuja tu. Akanitazama. "Daktari, niko sawa?" Nikamwambia, "Uko sawa." Sikujua. Daktari mkuu aliingia, akafanya yake, yule mama akapona na hata akanishukuru. Sijawahi kumsimulia mtu yeyote jinsi nilivyokuwa nikiuomba ule mlango ufunguke.

Jioni ile ya kutajiwa mshahara nilifika nyumbani Kabiria nikamkuta mke wangu ameketi nje ya mlango, anamenya viazi, beseni limesogezwa kando kwa sababu ya tumbo. Ilikuwa mimba yetu ya kwanza. Nikamweleza yote, kuanzia mshahara mpaka barabara, kisha nikamwambia nitakataa.

"Utakataa? Na vile tumehangaika?"

"Ama nikubali, mamako aje akae na wewe hapa, mimi nitangulie?"

"Mama ako na watu wake wa kuangalia. Tunaenda sisi wote."

"Ndio maana nakataa. Utazalia huko, na ni wakati wa mvua. Hakuna mtu mwingine, ni mimi tu."

Akaacha kumenya. "Kwani wewe hujui kuzalisha?"

"Najua."

"Sasa?"

"Naogopa," nikasema. "Kitu kikitokea, sina mtu wa kuita. Akiwa mtu mwingine nitaogopa, lakini nitafanya. Ukiwa wewe, sijui kama mikono itanitii."

Nilidhani atanicheka, maana ni mtu wa kunicheka. Akachukua kiazi kingine, akakizungusha mkononi.

"Hao wamama wa huko, wenye wako na mimba saa hii," akasema, "wanazalishwa na nani?"

"Aliyekuwepo alitoka. Hakuna."

"Na wao hawaogopi?"

Akaendelea kumenya. Tulikula, akaniuliza kama viazi vimeiva, nikasema vimeiva. Wiki nzima hakulitaja jambo hilo tena.

Wiki ilipoisha nilizipanda zile ngazi tena, nikatia sahihi. Ningependa kusema nilifanya hivyo kwa ujasiri, au kwa ajili ya wanawake wale. Posho ilikuwemo, maana kodi ya nyumba haikuwa mzaha. Swali la mke wangu pia lilikuwemo. Sijui ni lipi lililosukuma kalamu. Yule mzee akanipa mkono wa heri, akaukuta wangu umelowa jasho, akajifuta kwa leso.

Nilipofika nyumbani nikamwomba mke wangu alale kitandani nimpime. Nilitaka kujua mtoto amelalaje, nimzoee kabla hatujafika huko. Nikapapasa nikitafuta kichwa, kisha mgongo, kisha kichwa tena, ingawa nilikuwa nimeshakipata. Mke wangu, ambaye hajui lolote kuhusu yule mama wa wodini, aliona nilivyokunja uso, akaamua kunitania.

"Daktari," akasema kwa sauti ya mgonjwa, "niko sawa?"

"Uko sawa," nikamwambia.

Akalalamika kwamba mkono wangu ni baridi.